Mbege ya Novena

"Mama Evaristo, wewe siku ya Krismasi unakaaga saa ngapi?"

Redempta, ambaye watoto wanamwita Mama Digna, aliniuliza hivyo akiwa upande wake wa uzio wa masale, mkononi ana kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe, jasho linaniingia machoni. Ilikuwa mwanzo wa Desemba mwaka 1980, vita vya Uganda vimekwisha mwaka uliotangulia, sukari ilikuwa ya foleni, na mimi nilichokiona kwanza ni kile kikombe. Nikajiuliza, huyu ameipata wapi sukari ya kunywea chai saa nne asubuhi akiwa amesimama?

"Nitakaa kaburini," nikamjibu. "Huko nafasi ipo."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Niseme mapema tu kwamba nilimwonea wivu. Padre nilishamwambia kwenye kitubio, na jambo ambalo mtu ameweza kumwambia padre hawezi kushindwa kuliandika. Redempta na mimi tuliolewa hapa Kibosho mwaka mmoja. Kihamba chake na changu, hayo mashamba yetu ya migomba, vinatenganishwa na uzio ule na mfereji wa maji. Tulizaa pamoja, tulichuma kahawa pamoja, tukazeeka pamoja. Lakini Melkior wangu Mungu alimchukua mwaka sabini na moja, na Wenseslaus wake alibaki. Tena hakubaki kama wanaume wengine wanavyobaki, kukaa na kungoja chakula. Wenseslaus alikuwa anamkatia mkewe majani ya ng'ombe. Wanaume wenzake kilabuni walimcheka mpaka wakachoka, naye akawajibu, "Ng'ombe hajui kama majani yamekatwa na suruali au na kanga."

Mimi pia nilikuwa namcheka. Lakini nikishamcheka nilikuwa naenda nyuma ya nyumba kukata ya kwangu, na huko nilikuwa siongei na mtu.

Basi, Krismasi. Watu wa kwetu popote walipo, Dar es Salaam, Arusha, Tanga, ikifika Krismasi wanapanda mlimani. Mabasi yanajaa, vichochoro vya migomba vinajaa, hata nyumba ambayo mwaka mzima ina bibi mmoja na kuku inajaa. Wote wanasema wanakuja kupumzika. Na wa kuwapumzisha ni mama. Mama apake nyumba chokaa, afue mablanketi, achote maji, apike mbege, ile pombe yetu ya ndizi, apike kiburu cha ndizi na maharage na supu ya mtori, aangalie mbuzi ananenepa au hanenepi, asikilize nani kagombana na mke wake huko mjini, na juu ya yote hayo asali rozari yake. Mpaka siku yenyewe ifike, mama miguu imevimba kama mikungu.

Redempta alikuwa ameacha mambo hayo. Miaka miwili nyuma aliwaambia watoto wake, "Anayekuja aje na kitu chake na mikono yake. Mimi nikitoka misa nakaa." Na kweli alikaa. Wenseslaus aliweka kiti cha mkono barazani, juu yake mto wa pamba, na mwanamke akakaa humo kama mgeni kwenye nyumba yake. Wakwe wakapika. Wanaume wakachota maji. Sisi kina mama wa jumuiya tulicheka sana, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi. Nilisema, "Jamani, wengine uzee unawaingia kabla meno hayajatoka."

Lakini mchana ule ua wake ulijaa watu na wangu ukapungua. Wajukuu zangu walipita chini ya uzio mmoja mmoja, kama kuku wanaofuata mtama. Halafu Evaristo, mwanangu wa pekee, akasema anakwenda kusalimu tu. Nikawa jikoni nageuza ndizi, nasikia kicheko chake kutoka kule. Kicheko cha baba yake kabisa, kile cha kurudisha kichwa nyuma. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo. Kwangu alikuwa anaona mgongo wangu, maana muda wote nilikuwa nimeinama.

Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Kwa hiyo mwaka ule wa themanini nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mwanangu ashinde kwangu siku ya Krismasi, toka misa mpaka jua lizame, asivuke uzio. Nilimwekea Mungu nia hiyo kwenye novena. Sikumwomba mvua wala bei ya kahawa. Nilimwomba hiyo.

Sasa, mwezi wa Novemba nilikuwa nimeanguka kwenye mfereji. Kizunguzungu kilinishika nikiwa na ndoo, nikajikuta nimelala majini kama mnazi. Aliyeniokota ni Redempta, na aliyenipeleka mjini kwenye hospitali ya Mawenzi ni yeye. Daktari, kijana mpole, alinifunga ule mpira wa mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena.

"Mama, presha yako iko juu sana. Dawa hizi meza asubuhi na mchana. Chumvi punguza. Ndoo usibebe. Mchana lala, hata saa moja. Na sikukuu hizi zinazokuja, kaa chini, waache watoto wafanye. Na hasira-hasira hizi, mama, ziache."

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Tukiwa kwenye gari la kurudi Redempta akaniuliza, "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Masikio siyo yanayoumwa."

Leo hii nalala kila siku saa nane mchana, mlango nimefunga, hata aje balozi atangoja. Ndoo sijabeba miaka. Lakini wakati ule kadi ya hospitali niliificha ndani ya kitabu cha sala, kwenye kurasa za mazishi ambazo nilijua hakuna mtu atafungua. Nilimwapisha Redempta asimwambie mtu. Nilifikiri, wakijua naumwa watasema mama sasa akae, na mimi nikikaa, kwangu patakuwa na nini cha kumzuia mtu asiende kwa mwingine? Yeye akikaa anafuatwa. Mimi nikikaa, nani atanifuata?

Nikaamua mbege ya mwaka ule iwe mbege ambayo watu hawajawahi kuinywa.

Kupika mbege mimi nilikuwa nahesabu kwa novena ya Noeli. Siku ya kwanza, tarehe kumi na sita, nachemsha ndizi mbivu kwenye pipa mpaka ziwe nyekundu. Siku zinazofuata zinatulia zikichachuka, na mimi nasali. Siku ya saba nakamua na kuchuja. Siku ya nane napika uji wa kimea cha ulezi, nauchanganya, na kutia msesewe, lile gamba la mti linaloipa mbege uchungu wake. Gamba likipungua, mbege ni uji wa watoto. Likizidi, hainyweki. Siku ya tisa inaiva. Na kwa kuwa nilikuwa na nadhiri ya kutoonja kileo chochote ndani ya novena mpaka nimepokea Komunyo ya Krismasi, kila mwaka aliyenionjea ni Redempta. Alikuwa anakuja mkesha jioni, anachota kidogo, anafumba jicho moja, anasema, "Ongeza maji kidogo," au, "Hapa hapa, usiguse."

Siku ya saba alikuja akanikuta nakamua.

"Mama Evaristo, kesho uji wa ulezi niachie mimi. Wenseslaus atachota maji. Wewe ulale."

"Nilale halafu?"

"Halafu uamke ukiwa mzima."

"Na watu wakinywa waseme, mbege ya Redempta hiyo."

Akanitazama. "Watasema mbege. Mtu akiwa na kiu hamwulizi mpishi jina."

"Nenda kakae, mama," nikamwambia. "Kiti chako kitapoa."

Akaondoka taratibu. Akafika karibu na mfereji, akageuka kama anayetaka kusema jambo, akaacha.

Kesho yake ndiyo siku ya nane. Nilipika uji wangu mwenyewe, nikachota maji yangu mwenyewe, ndoo saba. Kufika saa tisa kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma ya kipaimara. Nikatwanga msesewe, nikapima kwa kiganja, nikatia kwenye pipa, nikakoroga. Hapo ndipo nikasikia kicheko.

Kilitoka upande wa pili wa uzio. Kicheko cha kurudisha kichwa nyuma.

Nikaacha mwiko, nikaenda kwenye masale, nikachungulia kama mwizi. Evaristo wangu, aliyesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam, alikuwa amekaa barazani kwa Redempta. Begi lake liko miguuni. Mke wake Salvina ameshapewa maji ya kunywa. Kwangu hajafika, mama yake hajamwona, viatu bado vina vumbi la stendi. Redempta alikuwa ameinama anamwambia jambo, naye ameacha kucheka, anasikiliza kama anavyosikiliza Injili.

Nilirudi kwenye pipa nikiwa sioni vizuri. Mikono ikawa inafanya kazi yenyewe. Nikaona gamba limebaki kwenye kinu, nikasema moyoni, bado sijatia, nikapima kwa kiganja, nikatia, nikakoroga.

Saa kumi na moja wakaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmepita njia gani?"

"Tumepita hapo kwa Mama Digna, kusalimu."

"Saa mbili za kusalimu! Mlikuwa mnawasalimia na ng'ombe wake?"

Salvina akatazama chini. Evaristo akavua kofia. "Mama, kaa kidogo. Kuna jambo tunataka tuongee na wewe kuhusu sikukuu."

"Utaniambia nikichota maji."

"Acha nichote mimi."

"Hujaja kuchota maji. Umekuja kupumzika. Kaa."

Nikachukua ndoo nikaenda. Wakati narudi nilimkuta amesimama palepale, ameshika kofia, na lile jambo lake halikusemwa.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, Redempta alikuja jioni kuonja, kama desturi. Nilikuwa nimefunika pipa kwa majani ya mgomba na kuweka jiwe juu.

"Mwaka huu haionjwi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Naujua mkono wangu."

"Hata ungekuwa mkono wa malaika, mama, mbege inaonjwa."

"Kwaheri, Redempta. Tutaonana misa."

Misa ilikuwa nzuri. Sikuisikia. Nilipokea Komunyo, nikarudi kwenye benchi, nikapiga magoti, na badala ya kumshukuru Bwana nikawa natazama benchi la tatu, pale Wenseslaus alipokuwa amemshikia mkewe kitabu cha nyimbo ili asichoke mikono. Mtu na kitabu cha nyimbo! Kitabu kina uzito gani?

Tulipotoka, ukoo wote wa Melkior na kaka zangu wakaja kwangu. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, nyama inachomwa, moshi unapanda kwenye migomba. Evaristo alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na wajomba zake, na mara kwa mara nilimtupia jicho. Yupo. Saa nne, yupo. Saa tano, yupo. Nikasema moyoni, Mungu amesikia.

Ikafika zamu ya mbege. Mkubwa kuliko wote alikuwa Meku Sirili, baba mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa meno mawili na ulimi mzima. Kwetu hapewi mtu kinywaji kabla aliyepika hajaonja mbele ya watu, ili ijulikane hakuna ubaya ndani yake. Nikafunua pipa, nikachota kata, nikajaza, nikanywa funda moja.

Yesu na Maria.

Ulimi ulikufa. Uchungu ulipanda mpaka masikioni, na papo hapo nikakumbuka viganja viwili, kimoja kabla ya kicheko na kimoja baada ya kicheko. Watu wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema hapo hapo, jamani, nimekosea, nilikuwa naumwa. Ni maneno machache. Lakini upande wa pili wa ua nilimwona Redempta anaingia na Wenseslaus na watoto wao, wamekuja kutusalimu, amevaa kitenge kipya, uso umepumzika. Nikameza. Nikatabasamu. Nikampa mzee kata kwa mikono miwili.

Meku Sirili akanywa. Akatema pembeni.

"Mke wa Melkior," akasema, "hii ni ya sikukuu au ya minyoo?"

Ua mzima ukacheka. Kata ikapita kwa mwingine, naye akakunja uso. Mwingine akajaribu, akakohoa. Mjomba mmoja akauliza kama kuna mtu amekufa tumpake asioze. Nilisimama na mwiko mkononi, kanga inaniteleza kichwani, na sikuweza kuinua hata mkono nikaiweka sawa.

Redempta akapita katikati ya watu, akaichukua ile kata kutoka kwa yule mjomba, akainywa. Hakunywa funda. Aliinywa yote mpaka chini, nikiona koo lake linavyopanda na kushuka, wala hakufumba jicho. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nyie watu wa mjini mmezoea soda," akasema. "Msesewe unasafisha damu. Mimi nimeshasafishwa mpaka Pasaka. Meku, na wewe ungemaliza ungeota jino la tatu."

Kicheko kikageuka. Sasa walikuwa wanamcheka mzee, na mzee mwenyewe anacheka. Kisha Redempta akamwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Lete," na Wenseslaus na vijana wawili wakaenda, wakarudi wamebeba pipa. Mbege. Imeiva, povu jeupe juu. Salvina, kama mkwe wa nyumba, akaonja badala ya mpishi, watu wakachota, ua ukachangamka. Salvina akaniletea kigoda akaniomba nikae, nikakaa.

Nilipaswa kushukuru. Ninajua. Ningekuwa nimepigwa makofi mbele ya watu nisingeumia vile. Hata aibu yangu alikuwa ameichukua akaifanya sifa yake. Watu wanakunywa kwenye ua wangu, mwanangu ameshinda kwangu kama nilivyoomba, na kilichoko kwenye kata yake ni mbege ya Redempta.

"Hii uliipika lini?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, watu wakageuka.

"Tulianza siku moja na wewe."

"Ya nini? Wewe hupiki. Wewe unakaa. Ulijuaje kwamba yangu itaharibika?"

"Mama Evaristo..."

"Ulikuwa unangoja nianguke!"

Evaristo akasimama. "Mama, mimi ndiye niliyemwomba. Alituandikia kwamba presha imekuangusha. Nikamjibu kwa barua, nikamwomba apike ili wewe upumzike mwaka huu. Juzi nilitaka nikwambie, hukukaa kunisikiliza."

Nikahisi damu inagonga kwenye shingo. Kitu nilichokisikia katika maneno yote yale si kwamba mwanangu alinihurumia. Nilisikia barua. Mimi mwaka mzima nilikuwa nimepata barua moja, ya Pasaka, mistari minane. Na huyu ameandikiwa habari zangu mimi, akajibiwa, wakapatana.

"Kumbe mnaandikiana," nikasema. Nikasimama, nikamwelekea Redempta. "Nilikuapisha. Una mume wa kukukatia majani. Una wa kukushikia kitabu kanisani. Una kiti, una miguu isiyovimba. Umeona bado haitoshi? Umeona mjane ana kitu kimoja tu kimebaki, na hicho nacho unakitamani? Mwizi wa watoto!"

Nyama ilikuwa inaungua, hakuna aliyeigeuza.

Redempta alinitazama. Machoni hakuwa na hasira, na hilo nalo nilimwonea wivu.

"Pipa nitaliacha," akasema. "Watu wana kiu. Na wewe, mama, dawa zako za mchana usizisahau."

Akamgusa Wenseslaus begani, wakaondoka na watoto wao, mmoja nyuma ya mwingine, wakipita getini kama wageni wanaotoka msibani.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi lakini ilikuwa furaha. Nilitazama jua, lilikuwa bado juu. Nilitazama mwanangu, alikuwa bado ndani ya ua wangu. Nikachukua kisu, nikakata kipande kizuri cha kidari, nikakiweka kwenye jani la mgomba, nikampelekea mwenyewe.

"Kaa, baba," nikamwambia. "Kula. Sasa tumebaki wenyewe."

Evaristo alikitazama kile kidari. Alinitazama mimi. Akaweka kata chini taratibu, mbege ikiwa bado nusu, akachukua kofia yake, akamshika Salvina mkono, akapita kati ya wajomba zake waliokuwa wamempisha njia, akatoka getini kuelekea kwa Redempta.